Sahihi ya Mtu Asiye Ndugu

Mwezi Mei ulipoanza, Bi. Pruitt, mshauri wa wanafunzi katika sekondari ya wilaya, alimwita Darlis Honeycutt ofisini kwake, akamwonyesha kiti, akamwambia, "Mambo yako yote yako sawa, binti, isipokuwa moja."

Darlis akakaa. Hakuuliza ni lipi. Alikuwa na miaka kumi na saba, na alikwisha kujifunza kwamba ukinyamaza vya kutosha watu hujibu hata ambayo hukuwauliza.

"Fomu ya kipato ipo. Alama zipo. Umekaa Tennessee tangu kuzaliwa, hilo halina ubishi, maana kwenu hata basi la shule likifika halina hakika ya kutoka. Kilichobaki ni masaa kumi."

"Masaa kumi ya nini?"

"Ya kujitolea. Jimbo linakulipia ada ya chuo miaka miwili yote, nalo linakuomba uitumikie jamii yako masaa kumi tu. Saidia watu, msimamizi atie sahihi hapa chini, uniletee. Mwisho ni Ijumaa ya mwisho ya Juni, saa tisa alasiri. Ikipita dakika moja mtandao unajifunga, na mimi siwezi kuufungua hata nikiupigia magoti."

Akampa nakala mbili za fomu. "Ya pili ni ya akiba. Kila mwaka kuna mtu anamwagia chai."

Darlis alitoka pale akiwa karibu kucheka. Masaa kumi! Juma lile peke yake alikuwa amemchumia Shangazi Verna mboga, amemtolea Mzee Hobart ndama shimoni, na amemsomea bibi kizee mmoja barua ya serikali mara nne mpaka akubali kwamba haikuwa ya vita. Chuo chenyewe alikwisha kukichagua, na kozi pia: upimaji wa ardhi. Aliitaka tangu akiwa na miaka tisa, siku alipokuja mpimaji kumaliza ugomvi wa uzio kati ya bibi yake, Bibi Zella, na jirani yao Mzee Hobart Greer. Mpimaji alimpa Darlis ashike ncha ya utepe. "Kaza, usitikisike," alimwambia, na yeye hakutikisika. Kumbe kwa miaka kumi na mmoja Bibi Zella alikuwa akimtukana Hobart kwa futi mbili za ardhi ambazo ni za Hobart mwenyewe. Jioni ile Bibi alioka keki ya matabaka ya tufaha, akaivusha uzio bila neno, na habari ikaishia hapo. Darlis alilala akiwaza kwamba duniani kuna kazi ambayo mtu husema kidogo, akapima, na watu wazima wakanyamaza.

Ada ndiyo iliyokuwa mlima. Mama yake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, anakuja nyumbani wikiendi mbili kwa mwezi, na mshahara wake humalizwa na lori kabla haujafika bondeni kwao. Bila jimbo, hakuna chuo. Jambo lilikuwa wazi kama hilo.

Ndani ya basi akaisoma fomu. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, palikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulisema mwombaji asiwe amelipwa kwa kazi hiyo, si fedha, si kitu. Wa pili ulisema msimamizi asiwe ndugu wa mwombaji, wa damu wala wa ndoa.

Hapo kicheko kikamkauka.

Maana yeye alikuwa anatoka Bonde la Honeycutt. Kule ukirusha jiwe litampata Honeycutt, na likimkosa litampata aliyeoa Honeycutt. Tena kule hakuna mtu aliyewahi kutoka nyumba ya mwenziwe mikono mitupu. Ukimfungia mtu lango unaondoka na yai. Ukimsukumia gari unaondoka na chupa ya maharage. Daktari aliyemzalisha mama yake Darlis aliondoka na mtoto wa nguruwe kwenye kiti cha nyuma, analia njia nzima, nguruwe analia na daktari anaomba. Kuacha kumlipa aliyekusaidia ni kumwambia kwamba kazi yake haina maana, na kukataa kulipwa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba ni fukara. Watu walikuwa wamenuniana miaka kwa sababu ya boga lililokataliwa.

"Basi usiseme ulilipwa," mama yake alimwambia kwa simu, lori likinguruma nyuma yake.

Bibi Zella, aliyekuwa amesikia kutoka jikoni, akaja na mwiko mkononi. "Fomu inasema nini pale juu ya sahihi?"

"Inasema 'ninaapa', Bibi."

"Mwambie mama yako hivyo. Mwambie katika nyumba hii haapwi uongo. Nilipokutwa nimekalia futi mbili za Hobart, nilisema nini?"

"Ulioka keki."

"Nilioka keki. Sikuapa."

*

Akaanza na Mzee Hobart, kwa kuwa si Honeycutt kwa jina. Alimkuta barazani na mbwa wake Duke, akamweleza yote, fomu na mistari yake miwili, na kwa Darlis hayo yalikuwa maneno ya mwezi mzima.

"Nimekuelewa," Hobart akasema. "Hutaki kulipwa."

"Sitaki, Mzee Hobart."

"Hata kidogo."

"Hata kidogo."

"Sawa. Pale nyuma kuna kuni za kupanga."

Akapanga kuni masaa manne, zikakaa zimenyooka kama kitabu rafuni. Alipomaliza alikunywa maji yake mwenyewe, akachungulia huku na huku, akashika njia haraka haraka. Hakufika langoni. Nyuma yake akasikia pikapu inawashwa.

Darlis akakimbia. Pikapu ikamfuata polepole, Hobart ametoa kichwa dirishani. "We mtoto! Simama! Sikulipi! Hivi viazi ni vyangu, navitupa tu, wewe umesimama vinapoangukia!"

"Usivitupe, Mzee Hobart!"

"Mimi nina miaka sabini na minne, sijawahi kufanyiwa kazi ya bure, nianze leo? Watu watasemaje?"

Gunia likatua mbele ya miguu yake. Duke akabweka kama mtu anayepiga muhuri.

Nyumbani Bibi Zella aliliangalia lile gunia, akamwangalia mjukuu wake. "Hata usijisumbue kulia," akasema. "Bibi yake Hobart alikuwa Honeycutt wa upande wa juu. Ni ndugu yako. Ungepoteza njia zote mbili." Kisha akabonyeza kiazi kimoja. "Vizuri hivi, lakini."

Juma lililofuata akaenda kwa Shangazi Verna, mke wa mchungaji, akapaka rangi uzio wa kanisa. Alikwisha kumjua shangazi yake, kwa hiyo alimwomba mchungaji asaini, naye si wa ukoo, alitoka wilaya ya tatu. Akasahau kwamba kwa kumwoa Verna alikwisha kuwa wa ukoo. Wala mchungaji hakupata nafasi ya kulikumbuka hilo, kwani Verna aliiona fomu juu ya meza, akachukua kalamu, akajaza kwa furaha. Pale palipoandikwa *Uhusiano na mwombaji*, aliandika kwa herufi kubwa: SHANGAZI YAKE, NA NINAJIVUNIA. Halafu akaifungia ile fomu pamoja na keki.

Darlis alirudi nyumbani amebeba keki na karatasi iliyoharibika. Ikabaki nakala ya akiba.

Usiku huo yeye na Bibi walikaa mezani kumtafuta mtu katika bonde asiye ndugu.

"Mwalimu wa kinanda?"

"Mama yake Honeycutt."

"Anayeleta barua?"

"Alimwoa Lottie. Lottie ni binamu yako. Kwa nini unadhani barua zetu zinafika zimefunguliwa?"

"Mwenye duka la mafuta?"

Bibi Zella akasita. "Yule huwa tunasema si ndugu. Lakini ni ndugu. Mambo ya babu yako mkubwa hayo, kula."

Saa ya ukutani ikagonga. Kisha wote wawili wakainua vichwa kwa pamoja.

"Mgeni," Darlis akasema.

"Mgeni," Bibi akasema.

*

Bwana Emil Novotny alikuwa na miaka thelathini na mmoja katika Bonde la Honeycutt, na bado aliitwa Mgeni. Alitoka Cleveland, Ohio, alikofanya kazi kiwanda cha misumari, akaja na mkewe Irma kutafuta hewa. Irma alifariki mwaka wa ishirini na tatu wa ugeni wao. Majivu yake yalikuwa ndani ya chombo cha maua juu ya redio, yakisubiri, kwa sababu makaburi ya bonde lile yalikuwa ya Honeycutt na wenzi wao, na Novotny alipoomba nafasi alijibiwa kwa upole, "Tutaona." Miaka minane walikuwa bado wanaona. Hakuna aliyemchukia. Walimpa maharage kama mtu yeyote. Ila kila mwaka kwenye mkutano wa chama cha makaburi, yeye ndiye aliyeandika kumbukumbu, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri, na kila mwaka aliandika ombi lake mwenyewe na jibu lake: *Tutaona.*

Alimsikiliza Darlis akiwa amesimama katikati ya nyanya zake, saa yake ya mfukoni ikining'inia kwenye mnyororo.

"Kwa hiyo unanihitaji," akasema taratibu, "kwa sababu mimi si mtu wenu."

Darlis aliona kitu kikipita usoni mwake, kama kivuli cha ndege. Akatamani arudi alikotoka. "Samahani, Bwana Novotny."

"Usiombe samahani. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa najiuliza kazi ya mgeni ni nini hapa. Kumbe ipo." Akafuta mikono. "Kazi gani utafanya?"

Hilo Darlis alikuwa amelifikiria njia nzima. "Makaburi hayana ramani. Kila Siku ya Mapambo, tukiyapelekea maua, watu wanagombana nani amelala wapi. Nitayapima yote niyachore. Na wafu..."

"Wafu hawana maharage," akamalizia Novotny.

"Ndiyo."

"Na wewe usinipe nyanya," Darlis akaongeza haraka, kwa kuwa alimwona anazitazama.

Mzee akarudisha mkono nyuma, uso umemshuka. "Hata moja? Zimeiva leo."

Wakacheka wote wawili, na walipomaliza ndipo Darlis akaelewa kwamba mtu huyu alikuwa amekwisha kuwa wa bonde kuliko wanavyojua wenyewe, na kwamba jambo hilo lilikuwa hatari kwa fomu yake.

Wakapanda kilimani kwenye makaburi siku iliyofuata saa za alasiri. Darlis alikuja na kamba yenye mafundo, vigingi, na daftari. Novotny alikuja na kiti cha kukunja na saa. Kiwandani alikuwa mtu wa kupima muda, na ugonjwa huo haukumtoka. Darlis akianza, anabonyeza saa. Darlis akisimama kujikuna, anabonyeza.

"Mbu hakuwa sehemu ya jamii," alisema. "Sekunde kumi na mbili nazitoa."

"Bwana Novotny, wewe ni mkali kuliko jimbo."

"Sahihi yangu haijawahi kuomba samahani, binti. Endelea."

Kazi ikampendeza Darlis kuliko alivyotegemea. Alinyoosha kamba kutoka kigingi hadi kigingi, akaandika: Orpha na mapacha wake. Bwana Leander, aliyepigwa na radi, na kando yake nyumbu wake, ambaye hakupaswa kuwapo. Jiwe baada ya jiwe, ugomvi baada ya ugomvi ukapata mstari wake. Aligundua kwamba mababu wawili walioapa kutozikwa karibu walikuwa wamelala wakigusana viwiko. Novotny, juu ya kiti chake, alicheka mpaka saa ikaanguka.

Siku ya tatu, pembeni kabisa kaskazini, chini ya kichaka kilichojisokota, kigingi chake kiligonga jiwe ambalo hakuna mtu aliyewahi kulitaja. Akapiga magoti, akang'oa kuvu kwa kucha. Maandishi yalikuwa ya mtu asiyejua kuchonga, herufi nyingine zimepinda:

*MCHUUZI. JINA LAKE HATUKULIPATA. ALIFIA KWETU 1891. ALIKUWA MGENI WETU.*

Darlis akamwita. Novotny akaja, akasoma, akavua kofia. Alikaa muda mrefu akiwa ameweka kiganja juu ya jiwe lile, kama anayelipima joto. Kando yake palikuwa na nafasi, udongo mtupu, majani tu. Darlis aliipima bila kuambiwa. Futi nane kwa saba. Akaiandika daftarini, na pale kwenye jina akaacha wazi.

Mzee akarudisha kofia kichwani. Alikuwa amesahau hata kubonyeza saa, akaja kugundua baadaye, na dakika zile akazitoa zote. "Hazikuwa za kazi," alisema. "Zilikuwa zangu."

Jioni hiyo Darlis alimsimulia Bibi Zella kuhusu jiwe la mchuuzi. Bibi Zella alimpigia simu Verna. Kwa hiyo asubuhi bonde zima lilijua, na mwenye duka la mafuta alikuwa anajua zaidi ya kilichotokea.

Jumamosi mvua ikanyesha. Novotny akahesabu: masaa tisa na dakika arobaini.

"Dakika ishirini, Bwana Novotny," Darlis akasema. "Si ungeandika tu kumi?"

Mzee akamwangalia. Darlis akatazama viatu vyake.

"Kesho asubuhi," akasema Novotny. "Utamalizia safu ya mwisho, nami nitasaini hapo hapo kilimani."

*

Kesho yake ndiyo ilikuwa Siku ya Mapambo. Kila Jumapili ya tatu ya Juni ukoo wote ulipanda kilimani na maua, wakaimba, wakaombea wafu, kisha wakapanga meza moja ndefu ya mbao chini ya miti ya mwaloni: kuku wa kukaanga, mkate wa mahindi, maharage ya kila namna, keki saba, na saladi moja ya viazi ambayo hakuna aliyeila lakini kila mwaka ililetwa.

Darlis alipanga awahi, amalize kabla watu hawajaja. Lakini gari la Bibi lilikataa kuwaka, wakasukuma, wakafika wimbo umekwisha. Novotny alikuwa amekaa kwenye kiti chake, fomu mfukoni, kalamu sikioni. Kabla Darlis hajashika kamba, Shangazi Verna akapanda juu ya kisiki.

"Ndugu zangu! Kabla ya chakula kuna jambo la chama. Sote tumesikia habari ya jiwe. Kumbe wazee wetu walimzika mtu asiye wetu, na hawakusema 'tutaona'. Sisi tumesema 'tutaona' miaka minane mpaka macho yametuuma. Mimi napendekeza Bwana Novotny apewe ile nafasi kando ya mchuuzi, yeye na Irma wake, na kuanzia dakika hii asiitwe tena mgeni. Ni ndugu yetu! Wanaokubali..."

Mikono ikaanza kuinuka. Ya Hobart ilikuwa imeshika paja la kuku.

Darlis akaona kila kitu kwa mara moja: mikono, mfuko wenye fomu, saa. Mkono wa mwisho ukiinuka, Novotny ni ndugu. Akiwa ndugu mbele ya ukoo wote, hata bila damu wala ndoa, kuapa kwamba si ndugu ni uongo, na sahihi yake haifai. Na hakuna mtu mwingine, bonde lote, wala nakala nyingine.

Hakuwahi kusema neno mbele ya watu hata ishirini. Pale walikuwa zaidi ya mia.

"Shangazi," akasema.

Hakuna aliyesikia.

"SHANGAZI VERNA! KAA CHINI!"

Kilima kikanyamaza. Hata Duke aliketi. Verna, kwa mshangao, akakaa kwenye kisiki.

"Shusheni mikono," Darlis akasema. "Tafadhali. Msimfanye ndugu sasa hivi. Ninamhitaji akiwa mgeni. Dakika ishirini tu. Anisainie kwanza." Akageuka kwa Novotny, machozi yamemjaa. "Bwana Novotny, najua umesubiri sana. Siwezi kukuomba hivyo. Lakini nakuomba."

Watu wote wakamwangalia mzee. Alikuwa amesimama, uso umepauka. Miaka thelathini na mmoja, na mlango ulikuwa umefunguliwa mpaka katikati.

"Dakika ishirini," akasema mwishowe. Akatoa saa yake. "Nimekuwa mgeni muda mrefu, nina uzoefu nao. Lakini uanze sasa, binti, kuku anapoa."

Akabonyeza.

Darlis akaruka kwenye safu ya mwisho. Na bonde zima la Honeycutt likasimama kumwangalia mtoto anapima makaburi, meza imejaa, hakuna wa kugusa.

"Mnaruhusiwa kula," Verna akanong'ona.

"Nani ale huku mtoto anafanya kazi?" akajibu Bibi Zella. "Hobart! Weka hilo paja."

"Nimelishika tu, Zella, silili."

"Unalishika karibu na mdomo."

Binamu mmoja akainuka amshikie Darlis kamba. "Kaa!" watu kumi wakamkemea. "Si kazi yako!" Mwingine akajaza kikombe cha maji, ikazuka hoja kali kama maji ni malipo. Mchungaji alisema maji ni ya Mungu. Lottie alisema ni ya kisima chake. Wakakubaliana asipewe, kwa usalama.

"Na chakula cha leo je?" mtu akauliza. "Akila hapa si amelipwa?"

Bibi Zella ndiye aliyelitatua. "Chakula hiki ni cha kila mtu. Duke anakula hapa kila mwaka, naye amefanya kazi gani?"

"Hajawahi," akakiri Hobart.

Darlis akapigilia kigingi cha mwisho. Akasoma fundo, akaandika, akafunga daftari. Novotny aliendelea kutazama saa. Sekunde zikapita. Darlis, kwa kukosa la kufanya, akang'oa gugu moja kaburini kwa Leander, na jingine kwa nyumbu.

"Masaa kumi," akasema Novotny.

Kelele zilizolipuka ziliwarusha kunguru mpaka bonde la pili. Lakini mzee aliinua mkono, akaweka fomu juu ya jiwe la mchuuzi, akaanza kujaza. Jina. Tarehe. Aina ya kazi. Akafika pale palipoandikwa *Uhusiano na mwombaji*, kalamu ikasimama. Darlis alikuwa karibu naye, akaona jinsi ile ncha ilivyotua kwenye karatasi na kuacha nukta ndogo ya wino kabla ya kuandika.

*Hakuna.*

Akasaini. Akaipuliza ikauke. Akampa Darlis kwa mikono miwili.

"Ni mara yangu ya mwisho kuandika neno hilo," akasema. "Sasa, Bi. Verna, nadhani ulikuwa unasema jambo."

Verna akarudi kisikini. Mikono ikainuka yote, na ya Hobart ikiwa na paja, na hapo hapo akalila. Novotny, kama mwandishi wa chama, alitoa daftari la kumbukumbu kurekodi uamuzi, lakini macho yake hayakuwa yanaona mistari. Darlis akamchukulia kalamu, akaandika yeye. Kisha akafungua daftari lake la ramani, kwenye ile nafasi ya futi nane kwa saba, akaandika jina alilokuwa ameliacha wazi: *Irma Novotny, na Emil, baadaye sana.*

Jioni ilipofika Novotny hakuweza kufunga buti la gari lake. Kulikuwa na keki tatu, boga, chupa za jemu, na gunia la viazi.

"Kwa nini mnanilipa?" akauliza. "Sikufanya kitu. Nilikaa kwenye kiti."

"Ulisubiri," akasema Hobart. "Ni kazi hiyo."

*

Jumatatu asubuhi Bi. Pruitt aliisoma fomu mara mbili, akasimama kwenye nukta ya wino, akaendelea. Akaiweka kwenye mashine, mashine ikanguruma. Akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Kisha akaigeuza kompyuta ili Darlis aone mwenyewe alama ya kijani na neno moja chini yake: *Imekamilika.*

"Hongera, mpimaji," akasema. "Umeona? Masaa kumi. Ni kitu gani hicho kwa watu wa kwenu."

Darlis akataka kumweleza, akaona siku haitatosha. "Asante, Bi. Pruitt."

"Hakuna shida, mama, ni kazi yangu. Nalipwa kwa hii."

Darlis akasimama. Kutoka kwenye begi akatoa chupa ya maharage ya Bibi Zella, akaiweka juu ya meza kati ya mafaili.

Bi. Pruitt akashtuka. "Hapana, hapana. Darlis. Mimi ni mtumishi wa umma, sheria hairuhusu nipokee... Darlis!"

Lakini Darlis alikwisha kufika nusu ya korido, anakimbia, na nyuma yake alisikia viti vinasogezwa, viatu vya kisigino vinakuja kwa kasi, na sauti inayomwita asimame. Akaongeza mwendo.